Kuonja vyakula vya mataifa na familia kwenye bustani ya EPCOT: nunueni sahani moja, mle wote

Papa wa Bel-Air (mwanzisha uzi)

Wakubwa kwa wadogo, nawasalimu.

Nafungua uzi huu kwa sababu wengi wetu hapa Lubumbashi tuna ndugu waliohamia Marekani, na kila anayebahatika kupata viza ya kwenda kuwatembelea huulizwa na watoto wake kama watafika Disney. Mimi na mama watoto tuliwapeleka wa kwetu, pamoja na watoto wa mdogo wangu anayeishi kule, wakati wa tamasha la vyakula la EPCOT, na tangu turudi nimeulizwa maswali mengi kiasi kwamba naona afadhali niyajibu mahali pamoja. Nitazungumzia chakula peke yake. Michezo, fataki na maduka ya vinyago vimekwisha kuelezwa na wengine.

Kwa wasioijua, EPCOT ni mojawapo ya bustani 4 za burudani zilizomo ndani ya Walt Disney World, karibu na mji wa Orlando katika jimbo la Florida, na ilifunguliwa tarehe 1 Oktoba 1982. Upande wake mmoja, uitwao World Showcase, una ziwa la kuchimbwa, na kandokando ya ziwa hilo zimepangwa nchi 11: Meksiko, Norwe, China, Ujerumani, Italia, Marekani yenyewe, Japani, Moroko, Ufaransa, Uingereza na Kanada. Kulizunguka lote kwa miguu ni mwendo wa karibu kilomita 2. Kila nchi imejengewa majengo ya mtindo wake na mikahawa yake, na wengi wa wahudumu ni vijana waliotoka katika nchi hiyo kwa mkataba wa kazi, wakiwa wamevaa kifuani kibandiko chenye jina lao na mahali walikotoka. Tamasha la vyakula lilianzishwa katika miaka ya 1990, na miaka ya karibuni limekuwa likianza mwishoni mwa Agosti na kwenda hadi Novemba. Wakati huo, juu ya mikahawa ya kawaida, huongezwa vibanda vingi vidogo ambavyo kila kimoja hutoa vyakula viwili vitatu vya nchi au jimbo fulani, kwa vipimo vya kuonja.

Neno langu kubwa kwa familia yoyote itakayokwenda ni hili: kwenye kila kibanda nunueni sahani moja tu, mle wote.

Sababu ya kwanza ni pesa. Kiingilio cha mtu mzima mara nyingi huzidi dola 100, na mtoto akishatimiza miaka 10 hulipishwa kama mtu mzima. Walio chini ya miaka 3 huingia bure. Kiingilio hicho hakijumuishi chakula. Sahani nyingi za tamasha huuzwa kati ya dola 5 na 10, na juu yake kuna matonge machache tu. Sisi ambao dola tunaishika kila siku sokoni tunaelewa upesi maana yake: familia ya watu sita ikichukua sahani sita itakuwa imemaliza dola 40 au 50 kabla ya kuiacha nchi ya kwanza, ilhali ikichukua moja moja, kwa pesa hizo hizo inafika nchi ya sita au ya saba.

Sababu ya pili ni tumbo, na kwangu hii ina uzito kuliko ile ya pesa. Mtoto akila sahani nzima ya nyama ya Meksiko, kisha mkate mtamu wa Norwe, anapofika Japani hana nafasi tena wala hamu, naye atasema chakula cha Japani hakina ladha, kumbe ameshiba. Kuonja kunataka njaa kidogo. Tonge moja lililotafunwa polepole hubaki katika kumbukumbu kuliko sahani nzima iliyoliwa kwa haraka huku mtu amesimama juani.

Na hapa ndipo malezi ya nyumbani yanapotusaidia. Mtoto aliyekulia kwenye bukari (ugali) ya pamoja anajua kuwangoja wakubwa, anajua upande wake wa sahani, na anajua kwamba nyama hugawanywa mwishoni ili kila mmoja apate. Nilifurahi sana kuwaona watoto wangu wakiwafundisha binamu zao waliozaliwa Marekani, ambao mwanzoni kila mmoja alitaka cha kwake. Mama yao aliomba uma za ziada, mkubwa akapewa kazi ya kukata vipande, na mdogo kabisa ndiye aliyekuwa wa kwanza kuchagua kipande. Baada ya vibanda kadhaa hakuna aliyekumbuka tena kudai sahani yake.

Sasa niwaeleze tulivyovionja, kwa maana najua ndicho mnachongoja.

Huko Norwe kuna duka la mikate linalouza mkate mtamu ambao watoto wa shule wa nchi hiyo huupenda: laini, una krimu ya mayai na maziwa katikati, na juu umepakwa sukari na nazi iliyokunwa. Nazi ile iliwashangaza wakubwa zaidi kuliko watoto, maana Norwe ni nchi ya baridi na theluji. Ujerumani ina duka dogo la karameli ambako harufu ya sukari inayopikwa inakufikia kabla hujauona mlango. Bisi zilizopakwa karameli zilitosha familia nzima na zikabaki. Kanada inajulikana kwa supu ya jibini aina ya cheddar, nzito na yenye chumvi. Mke wangu, ambaye jibini aliizoea juu ya mkate tu, alionja kijiko kimoja akanyamaza, akaonja cha pili, kisha akaniambia nisogeze kikombe upande wake. Uingereza ni samaki wa kukaanga ndani ya donge la unga pamoja na viazi. Samaki ni mweupe, hana mwiba hata mmoja, na hana pilipili kabisa. Sisi tuliozoea samaki wa Luapula tulimla kwa heshima na kuulizana nani amebeba pilipili.

Kibanda cha Ubelgiji, ambayo si miongoni mwa zile nchi 11 lakini huletwa na tamasha, kilikuwa na gofri, zile keki bapa zenye vishimo, zilizomwagiwa chokoleti ya moto. Hiyo haikuwa ngeni kwetu, na watoto waliifurahia kwa sababu hiyo hasa.

Kati ya China na Ujerumani pana mahali padogo palipopambwa Kiafrika, na hapo ndipo kibanda cha Kenya kilipowekwa. Kiliuza nyama ya ng'ombe iliyochomwa na kiungo cha kahawa, pamoja na kachumbari na uji mzito wa mahindi uliochanganywa na viazi vitamu. Mwanangu wa pili alipouona uji ule alitangaza kwa sauti, "Bukari!", na mama mmoja wa Kimarekani aliyekuwa nyuma yetu katika foleni akamwomba amweleze jinsi unavyoliwa. Alimweleza vizuri, kwa mkono, bila uma. Nilisimama pale nikiona fahari ambayo siwezi kuificha.

Kuna pia cha bure. Ukumbi uitwao Club Cool hutoa vikombe vidogo vya soda ambazo kampuni ya Coca-Cola huziuza au iliwahi kuziuza katika nchi mbalimbali, nawe unajimiminia mwenyewe. Beverly ya Italia tuliyoikuta ilikuwa chungu, maana Waitalia hunywa vinywaji vya namna hiyo kabla ya chakula ili kuamsha hamu, na nyuso za watoto walipoionja zilistahili safari yote. Palikuwapo pia Bon Bon Anglais ya Madagaska, tamu sana, na hiyo ndiyo waliyoirudia. Hata maji ya barafu hutolewa bure kwenye mikahawa yenye mashine za soda, ukiomba. Msinunue chupa.

Mengine kwa ufupi: nendeni katikati ya juma, kwa sababu mwisho wa juma wenyeji wa Orlando hujaa na foleni huwa ndefu, vibanda vingi hufunguliwa karibu na saa 5 asubuhi, mvua za alasiri ni za kawaida hasa mwanzoni mwa tamasha, na ombeni kile kijitabu cha tamasha wanachokiita pasipoti, ambacho ni bure na kina orodha ya vyakula vyote, kwa maana watoto hupenda kuweka alama kila wanapomaliza nchi.

Karibuni kwa maswali na kwa mawazo yenu.

Mama wa Katuba

Asante, papa, kwa kutueleza kwa utaratibu. Nina maswali mawili ya mzazi.

La kwanza: mimi nina mtoto ambaye nyumbani hali kitu asichokijua. Nikimwekea lengalenga (mchicha) zilizopikwa kwa namna tofauti na ya bibi yake, anasukuma sahani. Je, mtoto wa namna hiyo ukimfikisha mbele ya nchi 11 si utakuwa umelipa kiingilio ili akae na njaa? La pili: mtoto wa dada yangu anadhurika na karanga, hata zile kidogo zilizosagwa ndani ya mboga. Chakula cha kigeni ambacho hujui kimewekwa nini ndani yake kinanitia hofu. Na niongeze, kama ruhusa ipo, kwamba nimesikia tamasha hilo ni la pombe vilevile. Je, ni mahali pa watoto kweli?

Papa wa Bel-Air

Mama, maswali yako yote ni ya haki.

Kuhusu mtoto mgumu wa kula, ushauri wangu ni kupanga mfuatano. Usimwanzishe na kilicho kigeni kabisa. Mpe kwanza kitu ambacho ulimi wake unakitambua, kama vile samaki wa kukaanga, viazi, krepu ya Ufaransa yenye sukari, au ule uji wa mahindi, kisha kinachofuata kiwe kigeni kidogo, kisha rudi kwenye kinachojulikana. Pia usimwombe ale. Mwombe aonje na aseme neno moja juu ya ladha, liwe zuri au baya. Binti wa mdogo wangu ana tabia hiyohiyo ya mtoto wako, na kilichomfungua ni kupewa kalamu na ile pasipoti ili aandike hukumu ya kila mtu. Aliyeandika hukumu za wengine hakukubali kukosa ya kwake. Tena sahani ya pamoja inasaidia hapa kwa namna ambayo sahani ya peke yake haiwezi: mtoto akikataa, hakuna chakula kinachotupwa, na hakuna mzazi anayekasirika kwa ajili ya dola 8 zilizopotea, kwa hiyo hakuna vita. Mara nyingi anayekataa huona ndugu zake wanne wakitafuna kwa furaha, naye hunyoosha mkono mwenyewe kabla sahani haijaisha.

Kuhusu karanga, usibahatishe hata mara moja. Mweleze mhudumu kabla ya kulipa, naye atakuonyesha maelezo ya viambato au atamwita mpishi. Wahudumu wa kule wamefundishwa jambo hilo na hawalichukulii kama usumbufu. Na kwa kuwa mnakula sahani moja, kinachomdhuru mmoja kisinunuliwe na yeyote. Uma zinapishana, mikono inapishana, na haiwezekani kuuchunga upande mmoja wa sahani. Dawa anayoitumia mtoto ibebwe na mtu mzima, mfukoni, isiachwe garini. Bustani inaruhusu pia kuingia na chakula chenu wenyewe, mradi hakimo ndani ya chupa za kioo, kwa hiyo mtoto huyo abebewe kitu cha uhakika.

Pombe ipo, nyingi, na huuzwa kwa waliotimiza miaka 21 tu, ambao huombwa kitambulisho. Mchana familia ndizo nyingi. Jioni, hasa Ijumaa na Jumamosi, watu wazima wanaozunguka na bilauri huongezeka na sauti hupanda. Sisi tulianza mapema, na giza lilipoingia tulikuwa tumekwisha kushiba. Nawashauri wenye watoto wadogo wafanye vivyo hivyo.

Mfanyabiashara wa Kamalondo

Ndugu wachangiaji, habari za Marekani ni nzuri, lakini tuseme ukweli: kwa mtu wa Lubumbashi viza yake ni kwanza kusafiri hadi Kinshasa kwa ajili ya mahojiano, na matokeo hayajulikani. Wengi wetu tunaofanya biashara ya nguo na vipuri tunaijua Dubai kuliko tunavyoijua Mbuji-Mayi, na Dubai kuna mahali pa namna hiyohiyo ambapo familia inaweza kupelekwa kwa kiingilio kidogo mno. Panaitwa Global Village.

Palianza katika miaka ya 1990 kama vibanda kando ya hori la Dubai, na tangu 2005 pako kwenye barabara ya Sheikh Mohammed bin Zayed, nje kidogo ya katikati ya mji. Hufunguliwa katika majira ya baridi tu, kuanzia Oktoba hadi karibu Mei, maana kiangazi cha kule hakitembeleki. Watu huingia kuanzia saa 10 alasiri na kukaa mpaka usiku. Kila nchi ina uwanja wake wenye lango kubwa: India, Pakistani, Uturuki, Iran, Misri, Yemen, na nyingine nyingi. Afrika yetu, ukiondoa nchi chache za kaskazini kama Misri, imewekwa pamoja katika uwanja mmoja.

Kuhusu chakula nina la kumwongezea mwanzisha uzi, na pengine la kumpinga kidogo. Kule vipimo si vya kuonja. Mkate wa Kituruki uliojazwa jibini au nyama ni mkubwa, na sahani ya wali wa Kiyemeni kwa nyama ya mbuzi unaweza kuwalisha watu watatu wenye njaa. Kwa hiyo kugawana ni lazima, siyo hekima. Lakini kuna kuonja kwa namna nyingine, ambako hulipii chochote. Katika uwanja wa Yemen wauza asali hukuonjesha kwa kijiti kidogo aina baada ya aina: asali ya mkunazi, ambayo ndiyo ghali, asali nyeusi, asali nyepesi. Wanakueleza nyuki walikula maua gani na katika milima gani. Kwa wauza tende na wauza korosho ni hivyo hivyo. Mtoto wangu wa kwanza alijifunza pale kwamba asali mbili za rangi moja zinaweza kuwa na ladha zisizofanana hata kidogo, na sasa anauliza asali ya kwetu ya Kundelungu imetoka kwenye maua gani kabla ya kuilamba.

Kuna pia sehemu ya mashua zilizofungwa majini ambamo wapishi wa Kitailandi hupika papo hapo, nawe unachukulia ukingoni. Na muuza barafu ya maziwa wa Kituruki, ambaye humnyang'anya mtoto koni mara tatu kabla ya kumpa, amewachekesha watoto wangu kuliko mchezo wowote wa kulipia. Barafu yenyewe inavutika kwa sababu hutiwa unga wa mizizi ya okidi.

Kwa Waislamu wenzangu, utulivu wa kula bila kuuliza kila mara ndani yake mna nini una thamani yake.

Mzee wa Ruashi

Watoto wangu, nimewasoma kwa furaha, nami sina nia ya kuwaharibia karamu. Lakini kuna jambo ambalo mtu wa umri wangu hawezi kulinyamazia anapoona mataifa yamepangwa kwenye mstari ili watu wapite wakiyatazama.

Mwaka 1897, mfalme Leopold II wa Ubelgiji alipofanya maonyesho yake huko Tervuren, karibu na Brussels, Wakongomani 267 walivushwa bahari na kuwekwa katika vijiji vya kuigiza ili Wabelgiji wawaangalie. Watu 7 kati yao walifia huko. Wageni waliwatupia peremende na vyakula, hata ikabidi kibao kiwekwe kuwaarifu watu kwamba weusi wanalishwa na kamati ya maonyesho. Na tusidhani hayo yaliisha zamani za mababu tu. Mwaka 1958, kwenye maonyesho makubwa ya Brussels, yale yaliyojengewa Atomium, kilijengwa tena kijiji cha Wakongomani, na tena wageni wakawatupia ndizi na sarafu ng'ambo ya uzio, mpaka ndugu zetu wakachoka na kuondoka kabla ya maonyesho kufungwa. Mimi nilikuwa mtoto, na wazee walilizungumza jambo hilo mbele yetu.

Kwa hiyo nauliza kwa upole: kwenye hizo bustani zenu, nani anampikia nani, nani anamtazama nani, na Mkongomani yuko wapi?

Papa wa Bel-Air

Mzee, nakushukuru, na swali lako ndilo nililotembea nalo nilipokuwa kule, ingawa sikuanza nalo.

Ninachoweza kushuhudia ni kwamba wale vijana wa Norwe, wa Japani na wa Moroko wako nyuma ya meza na si nyuma ya uzio. Wana mshahara, wana mkataba, wanaongea kwa niaba yao wenyewe, na ukiwauliza chakula hiki kwao huliwa lini na nani, wanakujibu kwa kumbukumbu za mama zao. Kijana mmoja wa Moroko alikaa na wanangu muda mrefu akiwaeleza futari ya Ramadhani nyumbani kwao Fez. Tofauti hiyo ni kubwa, na ni haki kuitaja.

Lakini swali lako la tatu linabaki wima. Kati ya zile nchi 11, ya Afrika ni moja tu, Moroko, nayo ilifunguliwa mwaka 1984 kwa sababu serikali yake yenyewe iligharimia, na mfalme Hassan II akapeleka mafundi wa vigae na wa kuchonga plasta, nao wakafanya kazi kwa mikono yao. Nchi nyingine nyingi zililipiwa na makampuni. Mwaka 1982, katika kipindi cha televisheni cha ufunguzi, ilitangazwa kwamba itajengwa pia sehemu ya Afrika ya ikweta, na mwandishi Alex Haley ndiye aliyeieleza. Haikujengwa kamwe. Mahali pake ni pale padogo nilipopataja, kati ya China na Ujerumani. Katika bustani nyingine ya Disney iliyo jirani, ile ya wanyama, iliyofunguliwa 1998, kuna kijiji cha kuigiza kiitwacho Harambe, na katika hoteli yake kuna mkahawa wa Boma ambako mgeni hujipakulia mwenyewe vyakula vya Kiafrika, kama vile bobotie ya Afrika Kusini ya nyama ya kusaga na mayai. Tulikula pale, na chakula kilikuwa kizuri. Sikuona sombe, yaani majani yetu ya muhogo.

Somo ninalolipata kwenye habari ya Moroko ni kwamba aliyekuja na mafundi wake na pesa zake ndiye aliyeamua nini kipikwe na kiandikwe nini ukutani. Kongo haiwezi kungoja ialikwe kwenye meza ya mtu mwingine ndipo ijue itaweka nini juu yake. Ningeulizwa leo, ningejibu bila kusita: sombe iliyopikwa kwa mawese mpaka mafuta yakatoka juu, kwa kijiko kimoja tu juu ya kipande cha bukari, sambaza (samaki wadogo) wa Kivu waliokaangwa wakavu, finkubala (viwavi) zilizokaushwa na kutiwa chumvi, na kipande chembamba cha chikanda, kwa sababu mizizi ya okidi anayoitaja ndugu yetu wa Kamalondo kwenye barafu ya Kituruki sisi tunaipika na karanga tangu enzi za bibi zetu, na mgeni hana habari.

Mama wa Katuba

Mzee na papa, mmenifanya nifikirie karibu na nyumbani. Mji huu wetu uliojengwa mwaka 1910 kwa ajili ya shaba umeleta watu wa kila upande: Wagiriki, Waitalia, Wayahudi waliotoka kisiwa cha Rodo, Wahindi, Walebanoni, sasa Wachina, na sisi wenyewe kutoka Kasai, Luapula, Kivu na Zambia. Watoto wangu wamepita mbele ya jiko la Mgiriki maisha yao yote na hawajawahi kuonja majani ya mzabibu yaliyofungiwa wali. Sambusa wanazinunua barabarani na hawajui zimefikaje mtaani kwetu Katuba.

Nimezungumza na kina mama wa shirika letu la kanisani. Tunataka kufanya siku moja, uwanjani, kila familia ilete chakula cha kwao kwa vipimo vidogo kama mlivyoeleza, na watoto wapewe kijitabu cha kuandikia hukumu. Mnashauri tutoze pesa au hapana? Na finkubala tuziweke, au zitawafukuza watu wa Kivu?

Papa wa Bel-Air

Mama, ziwekwe, tena mahali pa mbele. Anayetoka Kivu alete sambaza wake naye, wapimane.

Kuhusu pesa, ningetoza kidogo kwa kila sahani badala ya kutoza mlangoni, ili aliye na faranga chache aweze kuingia na kuonja angalau kimoja, na ningeziandaa sahani kwa ukubwa mmoja tu ili wenye mfuko mzito wasijaze meza. Tafuteni Mgiriki na Mhindi waje kupika wenyewe, msiwapikie kwa kubahatisha. Kila meza iwe na karatasi ya viambato, kwa ajili ya mtoto wa dada yako na wengine kama yeye, na karanga zikae kwenye meza ya peke yake mbali na nyingine, pamoja na chikanda. Maji ya kunawa mikono yawe ya bomba yenye kutiririka, kwa kila pembe ya uwanja.

Mzee wa Ruashi

Munkoyo, kile kinywaji chetu cha uji na mizizi, nitauleta mimi. Nipeni idadi ya watu mapema, kwa sababu uji wake hupikwa jana yake na mizizi huwekwa jioni ili kinywaji kilale usiku kucha. Kikilala zaidi kinaanza kulewesha, nasi tumesema ni siku ya watoto.